Maji ya Moto, Maji ya Baridi na Ngozi ya Mtoto

(Muziki wa kipindi)

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Ikiwa una kazi, endelea nayo taratibu, mradi sikio liwe hapa. Lakini kama una kikombe cha chai ya moto mkononi na mtoto yuko mapajani, tafadhali weka hiyo chai mezani kwanza, mbali na ukingo, kisha tuendelee. Sababu utaiona baadaye.

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo karibu kila mama hulifanya kila siku bila kulifikiria sana, nalo ni kuchanganya maji ya moto na maji ya baridi ili kumwogesha mtoto. Ni jambo dogo. Hata hivyo, watoto wengi tunaowapokea kliniki wakiwa wameungua hawakuungua kwa moto wenyewe. Wameungua kwa maji, chai au uji.

Kosa langu mwenyewe

Nitaanza na kosa langu. Wakati huo nilikuwa nimeshamaliza diploma ya uuguzi, na kazi yangu ilikuwa kuwafundisha akina mama jinsi ya kutunza watoto wachanga. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na miezi minne. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa Julai, baridi kali, na nilikuwa nimechelewa kazini.

Nilitia maji ya baridi ndani ya beseni. Nikamimina maji ya moto kutoka kwenye sufuria, upande mmoja. Nikagusa maji kwa ncha za vidole, upande wa pili, nikaona yako sawa. Nikamshusha mtoto. Miguu yake ikatua pale pale nilipomimina maji ya moto. Alilia kilio ambacho sijakisahau mpaka leo.

Nashukuru Mungu nilimtoa mara moja, nikamwagia maji ya baridi kwa muda mrefu, na ngozi ikabaki nyekundu tu bila malengelenge. Mama mkwe wangu alikuja mbio kutoka jikoni. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, ulikoroga?"

Sikuwa nimekoroga.

Mtoto wangu alipona siku hiyo hiyo. Lakini katika zahanati moja nilikofanya kazi baadaye, aliletwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye hakubahatika hivyo. Mama yake alitia maji yaliyochemka kwenye beseni kwanza, akaliweka sakafuni, kisha akatoka nje kuchota maji ya baridi kwenye mtungi. Ni hatua chache tu kutoka mlangoni. Mtoto akaliendea beseni lake kwa furaha, kwa sababu alilijua ni la kuogea, akaketi ndani. Alikaa hospitalini wiki nyingi. Mama yule hakuwa mzembe. Alifanya kama alivyoona wengine wakifanya. Ndiyo maana nataka tuelewe pamoja joto linavyofanya kazi, maana ukilielewa, hatua za kujikinga hutazisahau.

Joto husafiri vipi?

Joto lina tabia moja ambayo haibadiliki. Siku zote hutoka penye moto zaidi na kwenda penye baridi zaidi. Halirudi nyuma lenyewe. Na halitulii mpaka pande zote mbili ziwe sawa. Chai ukiiacha mezani hupoa kwa sababu inatoa joto lake kwa kikombe, kwa meza na kwa hewa. Soda iliyotoka kwenye friji nayo hupata joto kwa sababu hewa ya chumba inaipa. Vikishakuwa na joto sawa na chumba, vyote viwili hutulia. Hali hiyo huitwa msawazo wa joto.

Maji ya moto yakikutana na ya baridi, hufanya vivyo hivyo. Ya moto hutoa, ya baridi hupokea, mpaka yakutane mahali fulani katikati. Lakini hiyo "katikati" iko wapi? Hapo ndipo wengi hukosea. Inategemea mambo mawili: kila upande una joto kiasi gani, na kila upande una maji kiasi gani.

Tone moja la chai likikurukia mkononi, unashtuka tu na kupangusa. Kikombe kizima cha chai hiyo hiyo kikikumwagikia, unaungua. Ukali wa joto ni ule ule, lakini kikombe kimebeba joto jingi zaidi la kukupa.

Tuchukue mfano wa maji ya kuoga. Tuseme uko Nairobi, na maji yako ya bomba yana nyuzi 20 za joto. Maji yanayochemka Nairobi huwa na karibu nyuzi 95. Ukichanganya kikombe kimoja cha baridi na kimoja cha moto, utapata karibu nyuzi 57. Mama wengi hufikiri nusu kwa nusu ni maji ya vuguvugu. Sivyo! Hayo bado ni maji ya kuunguza. Maji ya nyuzi 60 huweza kumwunguza mtu mzima vibaya kwa sekunde 5 hivi, na ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu, kwa hiyo huungua upesi zaidi. Maji yanayomfaa mtoto ni ya nyuzi 37 au 38, yaani karibu sawa na joto la mwili wake.

Sasa chukua vikombe 3 vya maji ya baridi kwa kikombe 1 cha maji ya moto. Utapata karibu nyuzi 39. Beseni nalo na hewa vikichukua joto kidogo, unafika pale panapotakiwa.

Kipimo cha jirani kinaweza kukuponza

Kabla hujaandika "vikombe 3 kwa 1" ukutani, ngoja kwanza.

Tuseme nyanya ametoka Nairobi kwenda Mombasa kumsaidia binti yake aliyejifungua. Anatumia kipimo chake kile kile alichozoea, vikombe 3 kwa 1. Lakini maji ya mtungi Mombasa yanaweza kuwa na nyuzi 28, siyo 20. Isitoshe, pwani maji huchemka kwa nyuzi 100, kwa sababu kadiri unavyopanda milimani ndivyo maji yanavyochemka kabla ya kufika kiwango hicho. Mchanganyiko wake sasa utakuwa karibu nyuzi 46. Hayo ni maji ya kumwumiza mtoto, na akikalishwa humo, yanaweza kumwunguza. Pwani utahitaji karibu vikombe 6 vya baridi kwa kimoja cha moto.

Nyanya mwingine amekwenda Nyahururu, ambako asubuhi maji ya tangi yanaweza kuwa na nyuzi 15, na maji huchemka kwa karibu nyuzi 92. Kipimo kile kile kitampa nyuzi 34. Mtoto hataungua, lakini atapoteza joto la mwili, na kwa mtoto mchanga hilo nalo ni hatari.

Na si lazima usafiri. Hata nyumbani kwako, maji ya tangi lililopigwa na jua la saa nane mchana si sawa na maji ya tangi hilo hilo saa kumi na mbili asubuhi. Maji yaliyoepuliwa sasa hivi si sawa na yale yaliyokaa robo saa kwenye sufuria bila kifuniko. Kwa hiyo vikombe vikupe mahali pa kuanzia tu. Mwamuzi wa mwisho awe ni kupima, kila siku, kila beseni.

Mkono nao hudanganya

Utaniambia, "Muuguzi, mimi hupima kwa mkono." Vizuri, lakini hebu jaribu jambo hili ukipata nafasi. Weka mabakuli matatu: moja la maji ya baridi, moja la vuguvugu, na moja la moto kiasi unachoweza kuvumilia. Tia mkono mmoja kwenye baridi na mwingine kwenye moto, uhesabu mpaka 60. Kisha tia mikono yote miwili kwenye la vuguvugu. Mkono uliotoka kwenye baridi utasema maji haya ni ya moto. Uliotoka kwenye moto utasema ni ya baridi. Ni maji yale yale, na ni wewe yule yule!

Ngozi yetu husikia zaidi kama joto linaingia au linatoka. Kwa hiyo mama aliyetoka kuosha vyombo kwa maji moto, au aliyetoka kuepua sufuria, mkono wake hautamwambia ukweli. Isitoshe, viganja vyetu vimekomaa kwa kazi. Ndiyo maana tunasema tumia kiwiko, pale mkono unapokunjikia. Ngozi ya hapo ni laini na haijazoea kushika vitu vya moto.

Hatua za kufuata

Sasa tushike hatua hizi kwa mpangilio.

1. Andaa kila kitu kabla ya kuchanganya maji: taulo, nguo, sabuni, nepi. Maji yaliyokwisha kuchanganywa huendelea kupoa, na mtoto aliyeloa hupoa haraka zaidi.

2. Tia maji ya baridi kwanza, kila siku bila kukosa. Hata ukiitwa mlangoni, mtoto akilifikia beseni atakuta maji ya baridi tu. Atakachopata ni kulowa nguo.

3. Ongeza maji ya moto kidogo kidogo, mtoto akiwa mbali. Baada ya kumimina, rudisha sufuria au birika mahali ambapo mtoto hafiki.

4. Koroga mpaka chini, upande hadi upande. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, hupenda kukaa juu na kukusanyika pale yalipomiminwa. Usipokoroga, beseni moja linakuwa na maji ya aina mbili. Hilo ndilo lililonipata mimi.

5. Pima kwa kiwiko: katikati, pembeni na chini. Usikie vuguvugu tu, usisikie moto. Ukiwa na shaka, ongeza maji ya baridi.

6. Mtoto akishaingia, usiongeze maji ya moto. Kama yamepoa, mtoe kwanza, mfunike kwa taulo, ongeza, koroga, pima upya.

7. Usimwache mtoto peke yake majini hata kidogo, wala usimwachie mtoto mwenzake amwogeshe.

Kwa mtoto aliyezaliwa sasa hivi, usiharakishe kumwogesha. Subiri angalau saa 24. Mtoto mchanga anatakiwa kuwa na joto la nyuzi 36.5 hadi 37.5, na mwili wake mdogo ulioloa hutoa joto haraka kwenda kwenye hewa. Mkaushe vizuri, kichwa pia, mvalishe kofia, na umlaze kifuani pako ngozi kwa ngozi. Hapo sheria ile ile ya joto inamsaidia. Kifua chako kinampa joto mpaka mwili wake ukae sawa na wako.

Uji, chai na maziwa

Uji ni mzito, hautembei ndani ya bakuli kama maji. Juu hupoa na kufanya utando, huku katikati ukibaki moto sana. Mama anaonja wa juu, mtoto anapewa wa katikati. Koroga uji wote kwanza. Ukitaka upoe upesi, weka bakuli la uji ndani ya beseni lenye maji ya baridi, ukoroge. Baada ya dakika chache, gusa yale maji ya nje. Utakuta yamepata joto, maana yamelichukua kutoka kwenye uji. Yakiwa hivyo, hayana nguvu tena ya kuupoza. Yamwage, weka mengine. Kisha dondosha uji kidogo ndani ya kifundo cha mkono wako kabla ya kumlisha mtoto.

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa na kuwekwa kwenye friji hupashwa kwa njia hiyo hiyo, ila kinyume chake. Weka kikombe cha maziwa ndani ya bakuli la maji moto kiasi, ukiyazungusha polepole. Usiyachemshe.

Na chai je? Chai inaweza kumwunguza mtoto hata robo saa baada ya kumiminwa. Mtoto mdogo huvuta kila anachokiona: kitambaa cha meza, mpini wa sufuria, kamba ya thamosi. Geuza mipini ndani, ondoa kitambaa kinachoning'inia, na usinywe chai ukimpakata mtoto. Sasa umejua kwa nini nilikwambia uiweke mezani.

(Muziki mfupi)

Mtoto akiungua, fanya hivi

Yule mtoto wa zahanati aliletwa akiwa amepakwa dawa ya meno na unga. Jirani walitaka kusaidia. Lakini dawa ya meno, unga, ute wa yai, mafuta ya kupikia, asali na majani havipozi. Hufunika jeraha huku joto likiwa bado ndani ya nyama, linaendelea kula. Ilibidi tuvioshe vyote, na mtoto akaumia mara ya pili.

Kinachotoa joto ni maji ya kawaida ya baridi, safi. Mwondoe mtoto kwenye maji ya moto. Mvue nguo zilizoloa, nepi, bangili na ushanga, isipokuwa nguo iliyoganda kwenye ngozi. Weka sehemu iliyoungua chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Nasema 20, angalia saa. Tunataka maji yanayotiririka kwa sababu maji yaliyotulia hupata joto upesi, kama yale ya beseni la uji, yakaacha kupoza. Kama huna bomba, mwagia kwa kikombe mfululizo, au loweka na kubadilisha maji. Najua mtungi wa maji unanunuliwa, lakini siku hiyo usiyahurumie maji. Hata kama umechelewa, kupoza kwa maji kunasaidia mpaka saa 3 baada ya kuungua.

Usitumie barafu. Inachukua joto kupita kiasi na kuumiza ngozi zaidi. Wakati unapoza mguu au mkono, funika sehemu nyingine za mwili kwa shuka au blanketi, kwa sababu mtoto mdogo anaweza kupoa mwili mzima. Usipasue malengelenge. Kisha funika jeraha kwa kitambaa safi bila kukaza, umnyonyeshe kama ananyonya, na uende naye kituo cha afya.

Nenda bila kusubiri ikiwa ni mtoto mchanga, ikiwa ameungua uso, mikono, miguu, viungo vya kukunjia au sehemu za siri, ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake, ikiwa kuna malengelenge, au ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi. Beba kitabu chake cha kliniki ili tuone kama amepata chanjo ya pepopunda.

Maswali ya wasikilizaji

Mama mmoja aliuliza: "Je, nikiacha maji yaliyochemka yapoe yenyewe, si ndiyo salama zaidi?" Hapana, mama. Yatapoa, lakini polepole, na muda wote huo yako ndani ya beseni yakimngoja mtoto. Changanya upesi, ukianza na ya baridi.

Baba mmoja aliuliza: "Beseni la plastiki na karai la bati, lipi bora?" Yote yanafaa. Karai la bati hupitisha joto haraka, kwa hiyo ukilijaza maji ya moto kwanza, hata ukuta wake huunguza. Ndiyo sababu nyingine ya kuanza na ya baridi. Na nafurahi kusikia baba akiuliza.

Nyanya mmoja alisema: "Sisi tulilea watoto kumi bila vipimo hivi." Ni kweli, nyanya, na tunakushukuru. Lakini mlikuwa mkitumia kiwiko. Tunachoomba ni kiwiko hicho kirudi.

Kwa kumalizia

Wahenga walisema ajali haina kinga. Hii ina kinga, na haigharimu hata shilingi moja. Baridi kwanza, moto baadaye. Koroga. Pima kwa kiwiko. Na akiungua, maji ya baridi dakika 20 kabla ya kitu kingine chochote.

Mwambie na dada anayekusaidia nyumbani, kwa maana mara nyingi ndiye anayeogesha mtoto ukiwa kazini. Usimwambie tu. Mwonyeshe, kisha naye akuonyeshe, ukiwa umesimama hapo.

Mimi bado huulizwa na mama mkwe wangu kila anapokuja kututembelea, ingawa mtoto yule sasa anajiogesha mwenyewe: "Mwalimu, ulikoroga?" Namjibu, "Ndiyo mama, nimekoroga." Basi na wewe, kabla hujamshusha mtoto majini kesho, jiulize swali hilo.

Mungu awalinde watoto wetu.

(Muziki wa kipindi)